Namna ya kubekapu sevu za gemu kwenye R4 na kadi nyingine za DS, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu. Kwa asiyeijua, R4 ni kadi yenye umbo la kaseti ya DS (ile gemu ya mkononi ya Nintendo), unaichomeka memori kadi yenye gemu zako, na sevu ni rekodi ya pale ulipofikia kwenye gemu. Naandika hii sababu maswali ni yale yale, leo anauliza huyu kesho yule: nimebadilisha memori kadi mbona gemu inaanza mwanzo, nimefomati mbona sevu hazipo, R4 yangu imekufa je na sevu zimekufa nayo. Nimeyajibu kwenye meseji mpaka nikaona bora nikae chini niandike yote sehemu moja, uwe unasoma huku kadi iko mezani mbele yako.

Nianze na kilichonifanya nilichukulie hili jambo kwa uzito. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa na DS Lite moja nyumbani, tunacheza kwa zamu, na gemu tuliyoipenda kuliko zote ni Animal Crossing: Wild World, ile ya mwaka 2005 ambayo hadi watu wanne mnaweza kuishi kijiji kimoja na mkaandikiana barua humo humo ndani. Usiku wa kuamkia safari ya bweni, form one hiyo, alikaa na ile DS mpaka akanifanyia barua kadhaa, kila moja ameifungia zawadi. Nikazitunza. Miezi ikapita nikataka kuweka kerneli mpya kwenye R4 (yale mafaili ya mfumo yanayoiendesha), nikachomoa memori kadi, nikakopi yale mafaili makubwa yote kwenye kompyuta, yale madogo nikayaacha nikidhani ni takataka za mfumo tu, nikafomati. Kuja kuwasha gemu najikuta ndani ya teksi, mvua inanyesha, dereva ananiuliza jina langu nani. Wanaoijua Wild World wanaelewa, hapo ndo gemu inapoanzia mtu akiwa mgeni kabisa. Likizo mdogo wangu aliporudi kitu cha kwanza aliomba DS aone kama nilimjibu barua zake.

Kwa hiyo nikisema kopi kwanza ndo ufanye mengine, namaanisha.

Kitu kimoja cha kuelewa kabla hatujaanza

Kwenye kaseti halisi ya DS sevu inakaa kwenye chipu ndani ya kaseti. Kwenye R4 hakuna hiyo chipu, sevu ni faili la kawaida tu linalokaa kwenye memori kadi pamoja na gemu. Gemu inaishia na .nds na ni kubwa, kuanzia MB 8 mpaka MB 512. Sevu inaishia na .sav na ni ndogo, kadi nyingi zinaitengeneza ikiwa na KB 512, yaani baiti 524,288 kamili. R4 inajua sevu ipi ni ya gemu ipi kwa kuangalia jina peke yake. Kijiji.nds itatafuta Kijiji.sav. Ikikosa haikuulizi kitu, inatengeneza .sav mpya tupu na gemu inaanza upya.

Hapo umeshapata majibu ya nusu ya maswali. R4 ikifa, ile plastiki yenyewe, sevu zako ziko salama kwenye memori kadi. Memori kadi ikifa au ukiifomati, zimeondoka. Na ukibadilisha jina la gemu bila kubadilisha la sevu, wamepoteana.

Vitu vya kuwa navyo

Kadi rida, ya USB au ile adapta ya SD kama laptop yako ina tundu lake. Kompyuta yoyote, au simu ya Android yenye OTG (ile inayokubali kuchomekwa kifaa cha USB), zote zinafanya kazi na nitaeleza tahadhari ya simu. Memori kadi ya pili kwa ajili ya kujaribia bekapu, hata ya GB 2 inatosha kabisa, na kama R4 yako ni ile ya kwanza kabisa isiyo na maandishi ya SDHC basi GB 2 ndo mwisho wake, usinunue kubwa zaidi ya hapo. DS yenye chaji. Na sehemu ya kuhifadhi nje ya nyumba, kama email yako au Google Drive.

Bando usiogope. Gemu 40 zikiwa na sevu za KB 512 kila moja ni kama MB 20 tu, na ukizizipu zinasinyaa sana kwa sababu sehemu kubwa ya sevu nyingi ni nafasi tupu.

Hatua zenyewe

1. Sevu ndani ya gemu, subiri imalize, ndo uzime. Sevu kwa njia ya gemu yenyewe, sio kwa kufunga mfuniko ukaiacha imelala. Gemu ikiandika kwamba inasevu usizime, na ikisema imemaliza subiri tena sekunde kama tano, kwa sababu R4 nyingine zinachelewa kidogo kuandika kwenye memori kadi. Alafu zima kwa swichi. Kama taa ya DS Lite imeshakuwa nyekundu, chomeka chaji kwanza, umeme ukikatika katikati ya kusevu ndo unapata lile faili lenye ukubwa sahihi lakini ndani vurugu tupu.

Kosa la kawaida: kuchomoa memori kadi wakati DS imewashwa na menyu ya R4 inaonekana. Watu wanadhani kwa vile gemu haichezi basi ni salama. Menyu nayo inaandika vitu vyake, mfano gemu uliyocheza mwisho. Zima kabisa.

Wenye kadi za GBA (Game Boy Advance) mnisikilize hapa, nyie mko tofauti. Kadi nyingi za GBA zinaweka sevu kwanza kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo ya duara, na inahamia kwenye memori kadi pale tu utakapowasha tena ukaingia kwenye menyu. Kwa hiyo sevu, zima, washa tena, acha menyu ifunguke yote, zima, ndo uchomoe. Usipofanya hivyo unabekapu sevu ya juzi ukidhani ni ya leo. Na betri ikiisha nguvu sevu ya mwisho inapotea kila ukizima, ukiona hiyo dalili badilisha betri.

2. Toa R4 kwenye DS, alafu memori kadi kwenye R4. R4 nyingine zina springi, unasukuma ndani mpaka isikike ka! ndo inatoka, nyingine haina springi unaivuta taratibu kwa ncha ya kidole. Angalia ni ipi kabla ya kulazimisha. Usitumie pini wala kisu, zile njia za dhahabu ni nyembamba.

3. Chomeka kwenye rida na usikubali kitu chochote inachokuuliza. Windows ikisema kadi inahitaji kufomatiwa, hapana. Ikisema kuna tatizo na inataka kuikagua na kuirekebisha, hapana kwanza, kopi kwanza.

Kwenye simu hapa ndo watu wanaumia. Ukiweka memori kadi moja kwa moja kwenye tundu la simu, Android nyingi zinakuuliza unataka kuitumia kama hifadhi ya ndani ya simu au kama kadi ya kuhamisha. Ukichagua hifadhi ya ndani simu inaifomati na kuifunga kwa siri yake, na huko ndani hakutasomeka tena na kitu kingine chochote zaidi ya simu hiyo. Tumia OTG na rida, ni salama zaidi. Ikibidi tundu la simu, chagua kadi ya kuhamisha, na ikisema lazima ifomati, chomoa. Ukikuta baadaye folda zinaitwa LOST.DIR na Android usishtuke, simu ndo imeziweka, hazidhuru.

4. Fanya viishio vya mafaili vionekane. Windows kwa kawaida inaficha viishio vya aina za mafaili inazozijua, kwa hiyo .nds na .sav zikishaunganishwa na programu fulani unabaki kuona Kijiji na Kijiji mbili hujui ipi ni ipi. Fungua dirisha la mafaili, nenda sehemu ya mwonekano, weka tiki kwenye kuonyesha viishio vya majina. Ni sekunde kumi na inazuia matatizo mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu.

5. Zitafute sevu zote. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika *.sav ukiwa ndani ya memori kadi. Zinaweza kuwa sehemu tofauti kulingana na kerneli:

- R4 nyingi, na kerneli za Wood na YSMenu: pembeni ya gemu, jina lile lile, .sav
- Acekard (kadi nyingine kama R4) yenye kerneli ya AKAIO: mara nyingi mwisho wa jina ni .nds.sav, mfano Kijiji.nds.sav, na kuna mpangilio wa kubadilisha iwe .sav peke yake
- TWiLight Menu++, programu ya menyu ya kuchezea gemu, kwa wale wa DSi na 3DS: ndani ya folda inaitwa saves iliyopo pale pale penye gemu

Kama kadi yako inaweza kusevu popote, ile ya kugandisha gemu katikati ya pambano, mafaili yake ni mengine kabisa tofauti na .sav. Yachukue pia ila usiyategemee. Yale yanafanya kazi kwenye kadi ile ile, na mara nyingi kerneli ile ile. Ukihama hayahami na wewe. Sevu ya gemu yenyewe ndo mali yako.

6. Kopi. Mara ya kwanza kabisa nakushauri kopi memori kadi nzima, kila kitu, na folda za mfumo za kerneli zikiwemo, kwa sababu kerneli za kadi za zamani saivi ni kazi kuzipata na ukiipoteza yako R4 inageuka kipande cha plastiki. Baada ya hapo unakuwa unakopi sevu peke yake.

Tengeneza folda yenye tarehe ukianza na mwaka, mfano 2025-03-08, ili zijipange zenyewe. Kila bekapu folda yake mpya. Usikopi juu ya bekapu ya wiki iliyopita! Sababu ni hii: sevu inaweza kuharibika leo wewe usijue, ukakopi ile mbovu juu ya nzima, ukabaki na nakala mbili za ubovu.

Kwa Windows kuna amri, unaiandika kwenye Command Prompt, inachukua .sav zote na kutunza mpangilio wa folda, badilisha herufi ziendane na kompyuta yako:

robocopy E:\ D:\Sevu\2025-03-08 *.sav /S

E ni memori kadi, D ndo unapopeleka. Angalia mara mbili kabla ya kubonyeza, ukigeuza unarudisha za zamani juu ya mpya.

7. Hakikisha kopi ni sawa na asili. Kwanza kwa macho: idadi ya mafaili sawa, ukubwa sawa, hakuna lenye baiti 0. Alafu kwa zile gemu unazozipenda kweli linganisha kwa hesabu:

certutil -hashfile Kijiji.sav SHA256

Ifanye kwa faili la kwenye memori kadi na la kwenye kompyuta, yale maandishi marefu yakifanana herufi kwa herufi basi kopi ni halisi. Linux ni sha256sum Kijiji.sav. Zikitofautiana kopi tena, zikitofautiana tena badilisha rida, mara nyingi ni rida au ni memori kadi inaanza kuchoka.

8. Zipu na upeleke nakala nyingine mbali. Kompyuta ikiibiwa au diski ikifa bekapu ya pale pale haina faida. Zipu ile folda ya tarehe, itume kwenye email yako, Drive, popote unapoingia kwa simu. Ukitumia WhatsApp itume kama dokyumenti.

9. Toa memori kadi kwa usalama. Bonyeza ile alama ya kutoa kifaa, subiri ikuruhusu. Najua kila mtu anairuka hii.

10. Jaribu kuirudisha. Hii ndo hatua naisisitiza kuliko zote na ndo hakuna anayeifanya. Bekapu ambayo hujawahi kuifungua hujui kama ni bekapu. Chukua ile memori kadi ya pili, weka kerneli, gemu moja na .sav yake kutoka kwenye bekapu, sio kutoka kwenye kadi ya asili, chomeka kwenye R4, washa. Unatakiwa uone jina lako, saa zako ulizocheza, mahali ulipoishia. Kama huna memori kadi ya pili tumia melonDS, programu ya kuigiza DS kwenye kompyuta, inasoma .sav ya kawaida bila kubadilisha kitu, weka gemu na kopi ya sevu kwenye folda moja, majina sawa, fungua. Dakika tano. Siku nilipomfundisha binamu yangu tulifika hapa tukagundua sevu yake ya Pokémon HeartGold aliyokuwa anaitunza kwenye flashi mwaka mzima ni faili tupu, ile ambayo R4 ilijitengenezea siku aliyobadilisha jina la gemu. Ya kweli ilikuwa bado iko kwenye memori kadi na jina la zamani, saa zaidi ya mia na themanini za kucheza. Tungefomati siku hiyo ingekuwa imeenda.

Ni mara ngapi ufanye? Mimi nafanya kila nikimaliza kipande kikubwa cha gemu, na lazima kabla ya mambo manne: kubadilisha kerneli, kubadilisha memori kadi, kuazimisha DS kwa mtu, na kuchomeka kadi kwenye kompyuta ambayo sio yako.

Kuhamia memori kadi mpya

Kabla ya yote ipime. Memori kadi feki zimejaa, imeandikwa GB 32 kumbe ndani ni 4, na tabia yake mbaya ni kwamba inakubali kila kitu mwanzoni. Unacheza wiki mbili vizuri, ikifika mwisho wa nafasi yake ya kweli inaanza kuandika juu ya vitu vyako bila kusema. Tumia H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac, zinaijaza kadi nzima alafu zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo. Inachukua muda, iache ifanye usiku.

Ikipita, ifomati FAT32. R4 haisomi exFAT wala NTFS. Kwa amri ni

format E: /FS:FAT32 /A:32K /Q

Hiyo 32K ni ukubwa wa klasta, yaani vipande ambavyo nafasi ya kadi inagawanywa, inasaidia gemu zisikwamekwame. Na tafadhali angalia herufi ya diski, E ya kwako inaweza kuwa diski ya nje ya mama yako yenye picha za harusi. Baada ya hapo weka kerneli, weka gemu, weka sevu, washa, hakikisha gemu zako mbili tatu zimefunguka pale ulipoishia, na ile memori kadi ya zamani iweke pembeni bila kuigusa walau mwezi mmoja.

Kuhamia kadi au kerneli nyingine

Sevu ya DS kimsingi ni ile ile popote, kinachobadilika ni jina na ukubwa. Kutoka AKAIO kwenda R4, Kijiji.nds.sav ibadilishe iwe Kijiji.sav. Kurudi, kinyume chake. Kwenda TWiLight Menu++, itie kwenye folda ya saves.

Njia ninayoiamini ni hii: usianze kwa kupeleka sevu yako. Peleka gemu peke yake, iwashe kwenye kadi mpya, cheza mpaka isevu mara ya kwanza, zima. Sasa ichomoe uangalie hiyo kadi mpya imetengeneza faili linaitwaje, liko folda gani, lina baiti ngapi. Umeshapewa majibu yote na kadi yenyewe. Yako ipe jina lile lile, iweke pale pale juu ya hiyo mpya. Kama baiti zinalingana inafunguka.

Waliokuwa wanachezea DeSmuME, programu nyingine ya kuigiza DS kwenye kompyuta, faili lao ni .dsv. Ukibadilisha jina tu likawa .sav, mwishoni kuna baiti 122 za ziada ambazo DeSmuME inaongeza na kadi nyingine zinazikataa. Fungua gemu kwenye DeSmuME, nenda kwenye menyu ya faili, chagua kutoa sevu kama .sav ya kawaida, tumia hiyo.

Toleo la gemu nalo liangalie. Sevu ya toleo la Japani usiipeleke kwenye la Ulaya au Marekani ukitegemea itafunguka, nyingine zinakubali, nyingine zinakuambia sevu imeharibika na zinaomba ruhusa ya kuifuta. Ukiona hilo swali zima DS hapo hapo, usibonyeze ndiyo.

Kama sevu iko kwenye kaseti halisi na una 3DS iliyofunguliwa (inayokubali programu zisizo za Nintendo), programu ya Checkpoint inaitoa na kuirudisha kwenye kaseti, na kwenye DSi kuna GodMode9i. Kaseti nazo zinazeeka, fanya mapema.

Ikigoma

*Gemu inaanza mwanzo wakati sevu umeiweka.* Tisa kwa kumi ni jina. Tafuta nafasi iliyozidi, herufi iliyokosekana, au .sav.sav, au .sav.txt iliyojificha kwa sababu uliruka hatua ya 4. Pia fupisha majina, R4 za zamani hazipendi majina marefu yenye alama za ajabu. Ukifupisha la gemu fupisha na la sevu.

*Faili lina baiti 0, au gemu inasema sevu imeharibika.* Usisevu juu yake. Kopi hilo bovu pembeni, alafu rudisha la tarehe ya nyuma, ukishindwa nenda ya nyuma yake tena. Ndo maana ya folda zenye tarehe.

*Kompyuta inataka kufomati kadi.* Jaribu rida nyingine na kompyuta nyingine kwanza. Ikiendelea, tumia TestDisk, inaweza kusoma orodha ya mafaili hata sehemu ya mwanzo ya kadi ikiwa imeharibika, na unakopi ukiwa ndani yake. Watu wanakimbilia PhotoRec, ile ni nzuri kwa picha kwa sababu picha zina alama zinazojulikana mwanzoni, .sav haina alama kama hiyo kwa hiyo haitaipata. Kama umefuta kwa bahati mbaya tu, acha kuitumia hiyo kadi sekunde hiyo hiyo, tumia Recuva.

*Windows ilishakagua kadi na sasa kuna folda inaitwa FOUND.000.* Usiifute! Ndani kuna mafaili kama FILE0000.CHK, ni vipande vilivyopotea majina. Tafuta lenye baiti 524,288 kamili, likopi, lipe jina la gemu yako na .sav, lijaribu. Nimeshaokoa sevu mbili za watu kwa njia hii.

*Umetoka kwenye kompyuta ya stationery au intaneti cafe na folda zote zimegeuka shotikati.* Ni kirusi, vitu vyako vipo ila vimefichwa. Usibonyeze hizo shotikati. Kwenye kompyuta safi andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

folda zitarudi, kopi sevu zako, futa shotikati, alafu fomati kadi upange upya.

*Menyu ya R4 imejaa majina yanayoanza na nukta na mstari mfano ._Kijiji.nds.* Ulikopia kwa Mac. Sio gemu. Kwenye Mac fungua terminal uandike dot_clean -m ikifuatiwa na njia ya kadi, zitaondoka, ila sevu zako hakikisha umeshazikopi.

*R4 ilikuwa inafanya kazi jana, leo inafunguka menyu lakini gemu zote zinakataa.* Baadhi ya kadi zinazouzwa kwa jina la R4 SDHC zilitengenezwa kerneli yake igome ikifika tarehe fulani. Rudisha tarehe ya DS nyuma miaka kadhaa uone. Ikikubali basi ndo hilo, dawa ya kudumu ni kuweka YSMenu inayoendana na kadi yako. Sevu hazijaguswa. Ila usicheze Animal Crossing ukiwa umerudisha tarehe, ile gemu inafuata saa ya DS, ukija kuirekebisha inaona miaka imepita, unakuta kijiji kimejaa magugu. Weka kerneli kwanza, rudisha tarehe ya kweli, ndo ufungue kijiji.

*Kadi inakataa kuandikwa chochote.* Angalia adapta ya SD ubavuni kuna kiswichi kidogo cha kufunga, kisukume juu. Kama bado, na adapta nyingine ni hivyo hivyo, memori kadi imefika mwisho, nyingi zikichoka zinabaki kusomeka tu. Kopi kila kitu leo hii hii wakati bado inasomeka.

Ukikwama kabisa na unamuomba mtu msaada mpe vitu hivi moja kwa moja: maandishi yote yaliyopo kwenye stika ya kadi, kerneli gani na toleo lake, jina kamili la faili la sevu pamoja na kiishio, na ukubwa wake kwa baiti. Na kabla hajaanza kugusa, mtumie kopi.